Rangi Hudanganya: Namna ya Kuanza Kuwaona na Kuwatambua Nzi wa Maua

Kila penye maua na jua, miongoni mwa wadudu wanaodhaniwa kuwa nyuki huwamo wasio nyuki. Wana mistari ya njano na nyeusi, wananyonya mbochi, miili yao imeganda chavua, na mtu akisogea huruka kwa mvumo ule ule unaomfanya arudi nyuma. Lakini hawana mwiba, hawana sumu, wala hawana mzinga wa kulinda. Ni nzi.

Hao ndio nzi wa maua, familia ambayo wataalamu huiita Syrphidae. Spishi zaidi ya 6,000 zimekwisha kuelezwa kisayansi, na zinapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Kazi wanayoifanya ni kubwa kuliko sifa wanayopewa: nzi wenyewe huchavusha mimea ya porini na ya shambani, na mabuu wa spishi nyingi huwala vidukari, wale wadudu laini wanaofyonza utomvu wa mimea. Mwaka 2019 watafiti waliotumia rada walikadiria kwamba hadi nzi wa maua bilioni 4 hupita kila mwaka juu ya kusini mwa Uingereza katika safari zao za kuhama. Mabilioni hayo yalikuwa yakipita juu ya vichwa vya watu bila karibu mtu yeyote kuinua macho.

Anayeanza kuwatafuta hukwama mahali pamoja, na hukwama mapema. Anampiga picha mdudu mwenye mistari ya njano, anafungua kitabu cha utambuzi, anakuta kurasa nzima za wadudu wenye mistari ya njano, kisha anachagua picha inayokaribiana zaidi na yake. Mara nyingi jina analolipata si sahihi, na kosa si uzembe. Ameanza na rangi, na kwa nzi hawa rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, maana ipo hasa kwa ajili ya kudanganya. Afadhali kutazama kwa mpangilio mwingine: umbo la mwili kwanza, kisha mwenendo wa mdudu, na rangi iwe ya mwisho kusikilizwa.

Vazi la kuazima

Mwaka 1862 Henry Walter Bates, Mwingereza aliyeishi miaka 11 katika misitu ya Amazon, alieleza jinsi mdudu asiye na silaha anavyonufaika kwa kufanana na aliye nayo. Bates aliandika kuhusu vipepeo, lakini hoja yake inawaeleza nzi wa maua barabara. Ndege aliyewahi kuchomwa na nyigu huziogopa rangi zile, na woga huo humlinda pia nzi anayezivaa.

Kila kundi lina mdudu linayemuiga. Nzi wa jenasi (kundi la spishi jamaa) ya Eristalis hufanana na nyuki wa asali. Volucella zonaria, mmoja wa wakubwa kabisa wa familia hii barani Ulaya, huvaa rangi za nyigu mkubwa. Wengine wamefunikwa manyoya mazito kama nyuki bambi. Na wapo wanaoiga hata vitendo: nzi wa jenasi ya Spilomyia, ambao kama nzi wenzao wana vipapasio vifupi, huinua miguu yao ya mbele yenye ncha nyeusi na kuitikisatikisa mbele ya uso, ili anayewatazama aone vipapasio virefu vya nyigu.

Watu wenye elimu kubwa wamedanganyika kwa karne nyingi. Wagiriki na Warumi wa kale waliamini kwamba nyuki wanaweza kuzaliwa kutoka katika mzoga wa ng'ombe. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa nzi Carl Robert Osten-Sacken alitoa hoja kwamba wadudu waliokuwa wakionekana kwenye mizoga ile walikuwa Eristalis tenax, ambaye mabuu wake hukua katika majimaji ya vitu vinavyooza. Watu wale wa kale waliona sawasawa kwamba wadudu wanatoka. Walichokosa ni kuhesabu mabawa.

Kwanza, je, ni nzi?

Nyuki na nyigu wana mabawa manne, nzi ana mawili. Hiyo ndiyo kanuni ya darasani, na ni ya kweli, ila porini haisaidii sana. Mabawa ya nyuma ya nyuki ni madogo na yameshikizwa kwa ya mbele kwa kulabu ndogo mno, kiasi kwamba kwa macho matupu yanaonekana kama jozi moja. Mahali pa mabawa ya nyuma, nzi amebakiwa na vijiti viwili vifupi vyenye vichwa vya duara, viitwavyo halteri, ambavyo humsaidia kujua mwili wake umeelekea wapi anaporuka. Ukiwa na picha nzuri ya ubavuni utaviona. Bila picha hiyo, tafuta alama nyingine.

Tazama kichwa. Vipapasio vya nyigu na nyuki ni virefu, vina vipande vingi na huchezacheza muda wote. Vya nzi wa maua walio wengi ni vifupi, vimejikusanya mbele ya uso, na kutoka kwenye kipande cha tatu huchomoza unywele mmoja mwembamba. Macho ya nzi nayo ni makubwa mno, yanachukua sehemu kubwa ya kichwa, wakati ya nyuki yamekaa pembeni na kuacha uso mpana katikati. Kwa kawaida macho na vipapasio vinatosha kukata shauri ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka kwenye ua.

Kiuno cha nyigu kinatajwa sana, lakini sikitegemei, kwa kuwa wako nzi wa maua, hasa wa nchi za joto, wenye kiuno chembamba kama cha nyigu wa kweli. Alama ya miguu ni bora zaidi: nyuki jike akitoka kwenye maua mara nyingi amebeba donge au vumbi nene la chavua kwenye miguu ya nyuma au chini ya tumbo. Nzi hana mahali pa kubebea mzigo huo. Anachoshika ni chembe zilizoganda ovyo kwenye manyoya yake.

Kisha, je, ni nzi wa maua?

Nzi wanaotembelea maua ni wengi, na si wote wa familia hii. Nzi wa buluu na kijani wa mizoga hupenda mbochi. Nzi wa familia ya Tachinidae wanatua kwenye maua yale yale, lakini tumbo lao limejaa nywele nene ngumu, jambo ambalo kwa nzi wa maua ni nadra. Nywele za nzi wa maua ni laini, au hazipo kabisa. Nzi wa familia ya Bombyliidae wana manyoya na husimama hewani kwa ustadi ule ule, ila wengi wao hutoa mrija mrefu ulionyooka mbele kama sindano. Wagumu zaidi kuwatenga ni wa familia ya Conopidae, ambao huiga nyigu vizuri ajabu.

Hapo ndipo panapohitajika alama ambayo nzi wa maua wanayo na wengine hawana, nayo iko kwenye bawa. Bawa la nzi hushikiliwa na mishipa, na kila mshipa wa kweli huanzia mahali fulani na kuishia kwenye mshipa mwingine au ukingoni. Katikati ya bawa la nzi wa maua, kati ya mshipa mrefu wa tatu na wa nne, umepita mstari mwingine unaoanza hewani na kuishia hewani, bila kuungana na chochote. Ni mkunjo wa bawa uliokuwa mgumu, na wataalamu huuita mshipa wa bandia. Isipokuwa kwa spishi chache ambazo umefifia au haupo, ukiuona umemaliza: huyo ni nzi wa maua.

Kuna alama ya pili karibu nayo. Ukifuata mishipa kuelekea ncha ya bawa, utaona kwamba inapinda kabla ya kufika ukingoni na kwenda sambamba nao, hata pakabaki ukanda mwembamba usio na mishipa nje yake. Kwa picha iliyopigwa mwanga ukitokea nyuma ya bawa, alama zote mbili huonekana bila darubini. Jifunze kuziona mapema, hata kabla ya kujifunza jina la spishi moja, kwa sababu kila utakachosoma baadaye kinachukulia kwamba hatua hii umeshaipita.

Kuhusu kusimama hewani, wengi hufikiri hiyo ndiyo alama kuu. Ni dokezo zuri, si uthibitisho. Madume wa nzi wanaouma wa familia ya Tabanidae nao husimama hewani. Upande wa pili, nzi wa maua wa jenasi ya Xylota hutumia muda mwingi wakikimbia juu ya majani, wakiokota chavua iliyoangukia hapo, na anayengoja waelee hatawaona kamwe.

Saa na mahali

Wengi wa nzi hawa wana mrija mfupi, kwa hiyo hupenda maua yaliyo wazi ambayo mbochi wake hauko chini sana. Mimea ya jamii ya karoti, giligilani na shamari ni ya kwanza kutazamwa: maua yake madogo yamepangika juu ya uso bapa, na mdudu hutembea kutoka moja hadi jingine mbele ya macho yako. Jamii ya alizeti inafuata, pamoja na magugu yake mengi ya njano na meupe. Jike huhitaji chavua ili mayai yake yakomae, na ndiyo maana baadhi yao, kama wa jenasi za Melanostoma na Platycheirus, huenda hata kwenye maua ya nyasi ambayo hayana mbochi wowote. Usipite penye nyasi zilizochanua kwa kudhani hapana kitu.

Asubuhi, jua linapoanza kupasha, ndiyo saa ninayoipendekeza kwa anayeanza. Nzi bado wana baridi mwilini, wanaota jua juu ya majani mapana, na wanavumilia kusogelewa. Jua likiwa kali sana wengi hujificha kivulini. Saa moja baada ya mvua, jua likitoka tena, maua yale yale yaliyokuwa matupu yanaweza kujaa. Upepo ni adui, kwa hiyo tafuta upande uliokingwa, hasa ukingo wa msitu au ua wa miti ambapo jua na kivuli vinakutana.

Nje ya maua kuna mahali pengine panapolipa. Pale mwale wa jua unapopenya kati ya miti na kuangukia njia, dume anaweza kusimama hewani kwenye kimo cha uso wa mtu, akamfukuza kila apitaye, kisha akarudi pale pale. Akiondoka usimfuate, ngoja. Kandokando ya madimbwi na matope hupatikana Helophilus, Mesembrius na Eristalinus. Miti mizee yenye mashimo yaliyojaa maji na mbao zilizooza ina spishi zake ambazo huwezi kuzipata kwenye bustani. Na mmea ulioshambuliwa na vidukari, ambao mkulima anauangalia kwa huzuni, ni kituo kizuri kwa mtafutaji: jike huja pale akiruka polepole, akikagua jani baada ya jani kabla ya kutaga.

Unapomsogelea, nenda chini na polepole, na usiache kivuli chako kimpite. Kivuli humshtua kuliko umbo lako. Afadhali pia kuchagua ua moja zuri na kukaa nalo kuliko kuzunguka bustani nzima. Anayezunguka huona nzi wakiondoka, anayekaa huwaona wakija.

Wachache wa kuanzia

Usijaribu kujifunza familia nzima. Chagua spishi au jenasi chache zenye alama isiyohitaji ubishi, uzijue kiasi cha kuzitambua kwa mbali, kisha kila mgeni utampima kwa hizo.

Wa kwanza awe Eristalis tenax, kwa kuwa yuko karibu dunia nzima. Ana ukubwa na rangi ya nyuki wa asali. Tumbo lake linaweza kuwa na mabaka makubwa ya rangi ya chungwa au kuwa karibu jeusi lote, na hapo ndipo anayetegemea rangi anapopotea, akidhani ameona spishi mbili. Alama zake za kweli hazibadiliki: kwenye macho kuna nywele zilizojipanga kwa mistari ya wima iliyokoza, katikati ya uso kuna ukanda mpana mweusi, na kwenye bawa mshipa mrefu wa tatu umezama chini kwa mpindo mkubwa. Mpindo huo ni wa kundi zima la jamaa zake, kwa hiyo ukiujua umejua jambo litakalokusaidia miaka yote.

Jamaa yake Eristalinus ni zawadi kwa anayeanza, maana macho yake hayafanani na ya mwingine. Spishi nyingi za jenasi hii zina macho yenye madoa meusi. Eristalinus taeniops, anayeishi Afrika na kusini mwa Ulaya, ana macho yenye mistari ya wima, mizuri kiasi kwamba mtu akiiona mara moja hahitaji kitabu tena.

Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika kuna Episyrphus balteatus, mwembamba, wa rangi ya chungwa, mwenye mistari miwili myeusi kwenye kila pingili ya katikati ya tumbo: mmoja mpana, mwingine mwembamba. Kwake mpangilio huo wa jozi ndio unaosema, wala si rangi yenyewe, kwa sababu akikulia kwenye baridi akiwa pupa, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi, hutoka mweusi zaidi, na akikulia kwenye joto hutoka mng'avu. Mtu mmoja anaweza kukuonyesha wawili wasiofanana hata kidogo, na wote wakawa spishi hiyo moja.

Syritta ni mdogo na huruka chini kati ya mashina, lakini paja lake la nyuma limevimba kupita kiasi kulinganisha na mwili, nalo linatosha kumtambulisha jenasi yake. Kwa Amerika ningeanza na Toxomerus, kwa Australia Simosyrphus grandicornis, na kwa Afrika kusini ya Sahara Ischiodon aegyptius, ambaye dume lake lina mwiba mdogo kwenye shina la mguu wa nyuma.

Kuusoma mwili

Ukishawajua hao, mgeni akitua mbele yako muulize mambo kwa mfuatano. Je, ni dume au jike? Kwa spishi nyingi macho ya dume hukutana juu ya kichwa, na ya jike huachana. Ziko jenasi zisizofuata kanuni hiyo, kama Helophilus, ambayo macho ya dume nayo hayakutani. Jinsia ni muhimu kwa sababu alama nyingi vitabuni zinahusu dume peke yake. Dume wa Platycheirus, kwa mfano, mara nyingi ana nyayo za mbele zilizotanuka, na jike hana.

Kisha tazama mabega. Hii ni alama ndogo, lakini kwangu ndiyo inayofurahisha kuliko zote, kwa sababu inakupeleka mbali. Pale kifua kinapokutana na kichwa kuna vibonge viwili. Kwa nusufamilia ya Syrphinae sehemu ya nyuma ya kichwa imebonyea na kuvifunika, na havina nywele. Kwa Eristalinae vinaonekana wazi na vina nywele. Mabuu wa Syrphinae karibu wote ni wawindaji wa vidukari na wadudu wengine laini. Mabuu wa Eristalinae huishi maisha mengine kabisa, katika maji machafu, mbao zilizooza, samadi, au ndani ya vitunguu vya maua. Kwa hiyo nywele chache za begani zinaweza kukuambia mdudu huyo alikula nini utotoni. Kundi dogo la Pipiza na jamaa zake huvunja kanuni, kwa kuwa lina mabega yenye nywele na mabuu wake ni wawindaji. Nzi wa kundi hilo wengi ni weusi, wadogo, na uso wao hauna kile kinundu cha katikati ambacho nzi wa maua wengi wanacho.

Rudi kwenye bawa ukaangalie ule mshipa wa tatu, kama umenyooka au umezama. Ukiwa umezama, tazama pia chumba kilicho kati ya mshipa mrefu wa kwanza na wa pili, karibu na ncha ya bawa: kwa Eristalis na Eristalinus kimefungwa kabla ya ukingo, kwa Helophilus kimeachwa wazi. Angalia mapaja ya nyuma. Angalia kile kibamba cha nusu duara mwishoni mwa kifua, kama ni cheusi au cha njano. Baada ya hapo ndipo uiruhusu rangi ya tumbo iseme, na utaona kwamba sasa inachagua kati ya spishi mbili au tatu, si kati ya thelathini.

Picha zitakazokusaidia kesho

Picha moja nzuri ya mgongo hupendeza, lakini mara nyingi haitoshi. Piga ya mgongo, ya ubavu na ya uso, na hakikisha angalau moja inaonyesha mishipa ya bawa. Simu yenye kamera ya kawaida inatosha kwa nzi wakubwa ukisogea karibu. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 pamoja na kichupa angavu cha plastiki hufanya mengine yote: mfunike nzi pale alipotua, mtazame kivulini kwa dakika chache, kisha mwachie. Ukimweka kwa muda mfupi ndani ya friji atatulia bila kudhurika. Sioni sababu ya anayeanza kuua mdudu yeyote. Kwa hatua hii ya kujifunza, alama zote zinazohitajika huonekana kwa aliye hai.

Andika tarehe, mahali, saa, aina ya ua na alichokuwa akifanya. Mwenendo haubaki kwenye picha.

Programu za utambuzi kama iNaturalist zina msaada mkubwa, hasa kukufikisha kwenye jenasi na kukukutanisha na wanaojua. Lakini mashine imejifunza kutokana na picha zilizopo, na spishi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini zimepigwa picha nyingi kuliko za nchi za joto. Ikikupa jina, hakikisha kwanza kwamba spishi hiyo inajulikana kuishi eneo ulilopo, kisha itafute alama ya mwili inayothibitisha. Usipoiona kwenye picha, jina hilo ni pendekezo tu.

Jina linapogoma

Kuna mahali ambapo hata mtaalamu huishia kwenye jenasi. Majike walio wengi wa Sphaerophoria hawatenganishwi kwa picha, na hata madume wake wengi hutegemea viungo vya uzazi vinavyotazamwa kwa hadubini. Cheilosia ni jenasi kubwa ya nzi weusi ambao tofauti zao ziko kwenye nywele za macho na rangi za miguu. Kuandika "Sphaerophoria, jike" na kuishia hapo ni kumbukumbu kamili na ya kweli. Kulazimisha jina la spishi ni kuweka uongo mdogo mahali ambapo mwingine atakuja kuuamini.

Nalisisitiza hili kwa sababu kumbukumbu hizi zinatumika. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, lilitoa tathmini ya spishi 890 za nzi wa maua wa Ulaya, na 314 kati yake zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Tathmini ya namna hiyo inawezekana tu pale ambapo watu wamekuwa wakiandika walichokiona kwa uaminifu, miaka mingi, wengi wao wakiwa wapenzi wa wadudu wasiolipwa kitu. Sehemu kubwa ya dunia bado haina hazina kama hiyo.

Kuanzia kwa buu

Iko njia nyingine ya kuwajua, isiyohitaji jua wala kukimbizana, nayo ni kumtafuta nzi kabla hajawa nzi.

Maumbo ya mabuu hawa hayafanani hata kidogo. Wa Eristalis huishi katika maji yaliyooza na huvuta hewa kwa mrija wa mkiani unaoweza kurefuka kupita urefu wa mwili wake. Wa Microdon, wanaoishi ndani ya viota vya sisimizi, wana umbo la kuba na tumbo bapa, hata katika karne ya 19 waliwahi kuelezwa na wanasayansi kama moluska, kundi la konokono. Lakini walio rahisi kuwapata ni wawindaji wa vidukari.

Geuza jani lenye vidukari. Utaona yai jeupe, refu kidogo, la kama milimita moja, lililolazwa karibu na kundi. Karibu yake unaweza kumkuta buu asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana, wa kijani au kijivu, mwembamba mbele na mpana nyuma. Hupapasa huku na huku mpaka amguse kidukari, humng'oa kwenye jani na kumwinua juu, kisha humfyonza mpaka libaki ganda. Buu mmoja wa Episyrphus balteatus anaweza kumaliza mamia kabla hajakua.

Mchukue pamoja na jani lake, umweke kwenye chombo chenye matundu ya hewa, na kila siku umwongezee tawi lenye vidukari. Usiruhusu maji yatuame ndani, kwa kuwa unyevu mwingi huleta ukungu. Akishiba siku za kutosha atajigandisha kwenye jani au ukuta wa chombo na kuwa pupa yenye umbo la tone. Katika hali ya joto, nzi hutoka kwa wiki moja au mbili. Mwache mabawa yakauke na rangi zikomae kwa saa kadhaa kabla ya kumpiga picha, kwani nzi aliyetoka sasa hivi huwa amepauka. Mabuu wa spishi nyingi duniani hawajawahi kuelezwa, kwa hiyo picha ya buu, ya pupa na ya nzi aliyetoka humo, zikiwekwa pamoja, zinaweza kuwa kitu ambacho hakuna mwingine aliye nacho.

Ukiona pupa imekuwa nyeusi na siku zimepita bila kutoka nzi, usiitupe haraka. Ziko nyigu ndogo, kama Diplazon laetatorius, zinazotaga ndani ya yai au buu wa nzi wa maua, na mtoto wao hukua kwa kumla mwenyeji wake kutoka ndani. Siku moja pupa hutoboka, na anayetoka ana mabawa manne na vipapasio virefu. Safari hiyo atakuwa nyigu wa kweli. Mpige picha naye, uandike alitoka kwa buu yupi na kwenye mmea gani.